Wanawake wanne wa kisiwa cha Macquarie: walienda kufanya sayansi au kupigwa picha?

"Shikamoo dokta. Nasoma masters ya baiolojia na nataka kufanya utafiti wa ndege wa baharini kwenye visiwa vya mbali kule kusini karibu na Antaktika. Nilisoma mahali kwamba wanawake wanne walienda kisiwa cha Macquarie mwaka 1959 na ndo walikuwa wa kwanza, kabla ya hapo ilikuwa marufuku kisheria. Mjomba wangu ni fundi wa injini za meli, yeye anasema wale walipelekwa kwa ajili ya magazeti tu, walikaa siku chache wakarudi, sayansi hakuna. Anasema pia wanawake walizuiwa kwa sababu za maana, mwili hauhimili baridi ile, vyoo hakuna, na mkiwa wachache katikati ya wanaume lazima ugomvi utokee. Naomba uniambie ukweli. Kulikuwa na sheria? Walifanya kazi ya maana? Na siku hizi hali ikoje, niombe nafasi au nisijisumbue?"

Marahaba mwanangu, na hongera kwa masomo. Swali lako limebeba maswali manne ndani yake, ila naona la mwisho ndo linalokunyima usingizi na hayo mengine unatafuta hoja za kumjibu mjomba. Ntajibu yote lakini sio kwa mpangilio uliouliza, manake ukishajua kisiwa chenyewe kikoje na wale kina mama walikuwa kina nani, hoja nyingi za mjomba zinaanguka zenyewe bila kusukumwa. Chache zinabaki zimesimama, na hizo nazo ntakuambia.

Macquarie ni kisiwa kirefu chembamba, urefu kilomita 34 na upana kama 5, kipo peke yake kwenye Bahari ya Kusini karibu kilomita 1,500 kusini mashariki ya Tasmania, na kiutawala ni sehemu ya Tasmania, Australia. Hakina mti hata mmoja. Hakina bandari wala uwanja wa ndege, meli inatia nanga nje halafu watu na mizigo wanashushwa kwa viboti, na zamani hata kwa yale magari ya jeshi yanayoogelea, bahari ikichafuka mnasubiri, na inachafuka kweli. Stesheni ya utafiti ilijengwa mwaka 1948 na mpango wa serikali ya Australia wa misafara ya utafiti Antaktika, unaojulikana kwa kifupi ANARE, ikawekwa kwenye shingo nyembamba ya ardhi upande wa kaskazini.

Sasa hapo kwenye baridi. Watu wakisikia karibu na Antaktika wanawaza barafu ya kuua, kumbe Macquarie wastani wa joto kwa mwaka mzima ni kama nyuzi 5 na haupandi wala kushuka sana kati ya kiangazi na kipupwe, bahari inashikilia joto lilelile. Kinachotesa pale ni maji na upepo, mvua au manyunyu karibu kila siku ya mwaka na upepo usiokata. Na mwili unavyopoteza joto ni hivi: nguo kavu zinabana hewa karibu na ngozi na hiyo hewa ndo inayokukinga, zikilowa ile hewa inatoka maji yanakaa mahali pake, maji yanabeba joto kuliko hewa mara nyingi sana, halafu upepo unayakausha na kila tone linaloondoka linaondoka na joto lako. Kwa hiyo mtu anaweza kupoteza joto la mwili mpaka akaanza kuongea ovyo kwenye nyuzi 5 juu ya sifuri, na hilo halichagui mwanamke au mwanaume, linachagua aliyevaa vibaya, aliyechoka na ambaye hajala. Ni kweli wanawake wengi vidole vyao hupoa haraka kuliko vya wanaume, na ni kweli kwa wastani wanaume wana nguvu zaidi ya kubeba, hayo mjomba asikatazwe kuyasema. Ila dawa ya la kwanza ni glavu za akiba, na la pili linahusu mzigo una kilo ngapi na njia ni ndefu kiasi gani, halina uhusiano na nani aruhusiwe kupanda meli.

Tuje kwenye sheria. Sheria ya bunge iliyosema mwanamke asikanyage Macquarie, hakuna. Kilichokuwepo ni mazoea yaliyogeuzwa utaratibu: msafara unapangwa na ofisi ya serikali, kiongozi wake kwa miaka mingi alikuwa Phillip Law, wanachaguliwa wanaume, mabweni yanajengwa kwa hesabu ya wanaume, halafu mwanamke akiomba anajibiwa pole, hakuna pa kulala. Umeona mduara ulivyo, hapajengwi kwa sababu hawaji, na hawaji kwa sababu hapajajengwa. Vyoo vya mjomba ndo hivyo hivyo. Choo ni mbao, misumari na siku mbili za fundi, na watu walioweza kusafirisha nyumba nzima vipande vipande mpaka katikati ya bahari hawakushindwa na mlango mmoja wenye komeo.

Sheria iliyowabana kweli ilikuwa mahali pengine kabisa na watu wengi wanaosimulia habari hii wanaipita bila kuiona. Australia ya miaka ile mwanamke mtumishi wa umma akiolewa alitakiwa kuacha kazi ya kudumu. Katika serikali ya shirikisho kizuizi hicho kimeondolewa mwaka 1966 tu. Mmoja wa wale wanne, Hope Macpherson, alikuwa mtunzaji wa makusanyo ya konokono na chaza kwenye makumbusho ya taifa ya Victoria, mwanamke wa kwanza kushika cheo cha mtunzaji pale, alianza cheo hicho mwaka 1946. Mwaka 1962 alitoa pamoja na mwenzake kitabu kikubwa cha wanyama hao wa bahari ya Victoria. Mwaka 1965 akaolewa, akalazimika kujiuzulu, akaishia kuwa mwalimu wa shule. Ebu fikiria, amevuka bahari chafu kuliko zote duniani akarudi salama, halafu kilichomwondoa kwenye kazi ni cheti cha ndoa. Mimi ukiniuliza kilichowachelewesha wanawake kwenye sayansi ya visiwa ni nini, nitakuonyesha huyu kabla sijafika kwenye baridi.

Na hilo la "wa kwanza" tuliweke sawa. Walikuwa wa kwanza kwenda kufanya utafiti na ANARE. Miaka michache kabla yao, msimu wa 1955 hadi 56, mwanajiolojia wa bahari wa Umoja wa Kisovieti, Maria Klenova, alikuwa tayari anafanya kazi maji ya Antaktika na msafara wa nchi yake. Yaani wakati huku wanajadili vyoo kule mwenzao anachora ramani ya sakafu ya bahari. Ukimwambia mjomba jambo moja tu mwambie hilo.

Haya, wale wanne. Desemba 1959 walipanda meli ya Kidenmaki iliyokodiwa, Thala Dan, iliyokuwa inapeleka watu wa zamu mpya na chakula. Walikuwa Isobel Bennett, Hope Macpherson, Mary Gillham na Susan Ingham. Walisimulia baadaye kwamba walionywa wazi kuwa tabia zao ndo zitaamua kama mwanamke mwingine ataruhusiwa kuja. Hakuna mwanaume aliyewahi kupanda ile meli akaambiwa akilewa au akigombana basi wanaume wote Australia wamefungiwa. Huo mzigo peke yake ni kazi, na haukuandikwa kwenye ripoti yoyote ya kisayansi.

Magazeti, ndio, yalishangilia, hapo mjomba hajasema uongo. Na siku chache, ndio, walikuwepo kwa kipindi kile meli inapobadilisha zamu tu kisha wakarudi nayo. Lakini kutoka hapo kuruka mpaka "sayansi hakuna" ni kutoelewa kazi ya fildi inafanyikaje, na hapa naomba univumilie nieleze kwa urefu manake ndo penyewe.

Mchukue Bennett. Aliacha shule na miaka 16, hakuwa na digrii. Alikutana na profesa William Dakin wa chuo kikuu cha Sydney safarini kwenye meli, mwaka 1933 akaanza kufanya kazi kwake idara ya zoolojia na hapo ndo alipojifunzia. Yeye, Dakin na mwenzao Elizabeth Pope walipita kwenye miamba ya pwani ya New South Wales wakaandika nini kinaishi wapi, utafiti huo ukatoka 1948. Halafu yeye na Pope wakafanya vivyo hivyo Victoria, ukatoka 1953, kisha Tasmania, ukatoka 1960. Sasa itazame ramani: New South Wales, Victoria, Tasmania, unashuka kusini hatua kwa hatua maji yanazidi kuwa ya baridi. Hatua inayofuata ni ipi? Macquarie. Kwa mtu mwenye pwani zote hizo kichwani, siku chache kwenye mwamba wa Macquarie zina maana kubwa kwa sababu anajua tayari swali lake ni nini, na kitu kikikosekana atagundua kwamba kimekosekana. Mtu mwingine ukimwacha pale mwaka mzima bila hayo maandalizi atarudi na picha nzuri.

Kwenye mwamba anafanya nini? Maji yakipwa unaona mwamba umegawanyika mikanda kutoka juu kwenda chini, kila mkanda rangi yake na viumbe wake. Juu kabisa panaporushiwa matone tu wanakaa wanaovumilia kukauka, katikati mwani mdogo mdogo wa kahawia na mwekundu, na chini kabisa pale mawimbi yanapopigia kuna mwani mmoja mkubwa sana, Durvillaea, majani yake mazito kama ngozi ya viatu na ndani yamejaa vijumba vya hewa kama sega la nyuki, ndo maana yanaelea. Umejishika kwenye jiwe kwa kitako kigumu mno, wimbi likivuta jani lote linalala kuelekea baharini, likirudi linalala kuelekea nchi kavu, na chini ya kile kitako kuna wanyama wadogo wamejificha humo hawaonekani mpaka uinamishe kichwa. Mpaka wa juu wa kila kiumbe kwa kawaida unawekwa na ukavu, atakauka akipanda zaidi, na mpaka wa chini mara nyingi unawekwa na majirani, atanyang'anywa nafasi au ataliwa. Kwa hiyo ukipima mikanda unapima nguvu zinazoshindana pale, na ukilinganisha na mikanda ya Tasmania unaanza kuona ni kipi kinatawaliwa na joto la maji, kipi na mawimbi, na kipi hakijafika tu kwa sababu kisiwa kiko mbali. Mikanda hii haihami kila wiki, ndo maana ziara fupi inafaa. Bennett alirudi tena Macquarie miaka ya 60, na chuo cha Sydney kikampa shahada ya masters ya heshima mwaka 1962. Huyo ndo aliyepelekwa kupigwa picha.

Gillham alikuwa mtaalamu wa mimea kutoka Uingereza, na swali lake kwangu ndo tamu kuliko yote kwa sababu linahusu ndege unaowapenda wewe. PhD yake aliifanya kwenye visiwa vya ndege vya Wales, akiangalia ndege wanafanya nini kwa mimea. Watu huona mimea kama jukwaa na ndege kama wachezaji, kumbe ndege ndo wanaolima lile shamba. Ndege anakula baharini, anakuja kunya nchi kavu, ile samadi imejaa naitrojeni na fosforasi iliyotoka kwenye samaki na kamba wadogo. Kidogo inanenepesha mimea, ikizidi inaiunguza. Halafu wapo wanaochimba mashimo ya viota udongo ukalegea, wapo wanaokanyaga mpaka pakabaki tope tupu. Macquarie ukijumlisha na sili tembo, wale wanyama wakubwa wa baharini wanaopanda nchi kavu, ndo usiseme, madume yanaweza kupita tani 3, yanalala yamebanana kwenye mashimo ya matope yakisubiri manyoya ya zamani yabanduke, harufu yake inakufikia kabla hujawaona, na kuzunguka hayo mashimo inaota mimea ya aina yake inayostahimili kukanyagwa na mkojo. Mtu wa mimea anayejua kusoma mistari hiyo anaweza kukuambia wanyama walikuwa wapi msimu uliopita hata kama leo hawapo.

Alafu kuna sungura. Waliletwa miaka ya 1870 na wawindaji wa sili ili wawe kitoweo, na wao ndo walioharibu kisiwa kuliko mtu yeyote. Wanapenda majani makubwa laini ya kabichi ya Macquarie, mmea ambao mabaharia wa zamani walikula kujikinga na kiseyeye, na zile nyasi ndefu za mafungu zinazoshika udongo kwenye miteremko. Mwaka 1978 wakaletewa ugonjwa wa virusi, idadi ikashuka sana. Paka, nao wa kuletwa, walikuwa wanamaliza ndege, wakaondolewa wote ikafika mwaka 2000, halafu sungura wakaongezeka tena wakapita 100,000, watu wanabishana mpaka leo ni kiasi gani ni kwa sababu ya kukosekana paka na kiasi gani ni virusi kuchoka. Mwaka 2006 mteremko ulioliwa mimea ukaporomoka kwenye ghuba ya Lusitania ukaua pengwini wengi. Ikabidi kisiwa kizima kimwagiwe sumu kwa helikopta, mbwa wakapita kunusa, na mwaka 2014 ikatangazwa kwamba sungura, panya buku na panya wadogo wameisha. Sasa baada ya yote hayo mtu anauliza, mimea imerudi kama zamani? Zamani ipi? Hilo hulijibu bila maandishi ya watu waliopita na daftari miaka ya nyuma wakaandika hapa kuna hiki, pale hakuna kile. Maelezo ya mimea ya mwaka 1959 ambayo siku ile yalionekana orodha tu, thamani yake inapanda kadiri miaka inavyokwenda. Data za fildi hazina haraka.

Ingham ndo anayenichekesha kwa uchungu. Alikuwa mwanabaiolojia wa ofisi ya Antaktika pale Melbourne, akishughulika na taarifa za ndege na sili zilizokusanywa kwenye stesheni za Australia, ametoa na makala kuhusu hali ya sili kwenye stesheni hizo. Yaani kazi ilikuwa mikononi mwake, wanyama aliwajua kwa namba zao, mahali penyewe ndo hakuruhusiwa. Unapochambua data ya mahali usipopajua unafanya makosa ambayo huwezi kuyaona, hujui kwamba idadi imeshuka mwezi ule kwa sababu mhesabuji alishindwa kuvuka mteremko, sio kwa sababu sili wamekufa. Kumpeleka mchambuzi kwenye fildi hata kwa siku chache kunarekebisha data za miaka.

Mipaka ya safari ile nayo tuiseme, tusije tukageuza historia kuwa mahubiri. Walikwenda kiangazi, hawakuona kipupwe. Siku chache haziwezi kukuambia vifaranga wangapi wamefaulu kuondoka, wala ndege aliyevishwa pete anarudi baada ya miaka mingapi, hayo yanataka mtu akae. Na hapo ndo mlango ulipobaki umefungwa muda mrefu zaidi. Kumruhusu mwanamke apite na meli kulitokea 1959, kumruhusu akae mwaka mzima Macquarie kulisubiri mpaka 1976, daktari Zoë Gardner. Miaka 17 kati yake. Kwenye stesheni za Australia za bara lenyewe la Antaktika wa kwanza kukaa kipupwe alikuwa daktari pia, Louise Holliday, huko Davis mwaka 1981, na mwanamke wa kwanza kuongoza stesheni alikuwa Diana Patterson, Mawson, mwaka 1989. Ukizitazama tarehe hizi utaona tabia njema ya wale wanne haikufungua kitu chenyewe kama walivyoahidiwa. Mlango ulifunguka kidogo, ukakwama, ukasukumwa tena na wengine.

Kuhusu ugomvi. Kundi dogo likifungiwa mahali pamoja miezi kadhaa litagombana, la wanaume watupu linagombana, la mchanganyiko linagombana, wanagombania chumvi, muziki, nani hajaosha sufuria. Kinachofanya ugomvi ufike pabaya au uishie jikoni ni kiongozi, kazi kugawanywa sawa, na mtu kuwa na mahali pa kujifungia peke yake. Mjomba amefanya kazi melini anayajua haya kuliko mimi. Ila kuna jambo hoja yake imelipindua: anasema mwanamke ataleta shida, wakati ushahidi unaonyesha mara nyingi shida ndo inayomfuata mwanamke. Mwaka 2022 ripoti ya uchunguzi iliyoongozwa na Meredith Nash kuhusu utamaduni wa kazi kwenye mpango wa Antaktika wa Australia ilieleza wanawake kunyanyaswa kijinsia kwenye fildi, wengine kujisikia lazima wafiche hedhi zao, kupata tabu ya mahali pa faragha. Mwaka huohuo Wamarekani nao walitoa ripoti yao yenye sura hiyohiyo. Kwa hiyo nikikuambia leo mambo yote ni shwari nitakuwa nakudanganya. Yamebadilika sana, wanawake wapo wengi, wanaongoza stesheni na tafiti, vifaa vya ukubwa wao vipo, malalamiko yana njia. Lakini bado ni mahali ambapo mtu mbaya akiwepo huwezi kupanda basi ukaondoka.

Je uombe? Uombe, lakini uombe kwa akili. Una njia kama tatu na sioni moja iliyo bora kwa kila mtu. Ya kwanza ni msimu wa kiangazi tu, wiki kadhaa hadi miezi michache, unakuta ndege kwenye viota, kazi nyingi, maisha yako ya nyumbani hayavunjiki, ila ushindani mkali na meli ikichelewa nusu ya mpango wako imekwenda. Ya pili ni kukaa mwaka au zaidi kama msaidizi wa fildi, nchi kadhaa zenye visiwa vya kusini huajiri hivyo, Wafaransa kwa Crozet na Kerguelen, Afrika Kusini kwa Marion na Gough. Hapo unapata kitu ambacho darasani hakipo, unamjua albatrosi mmoja mmoja kwa namba ya pete yake, ila utakosa harusi na misiba, intaneti ya kubahatisha, na kazi yenyewe sehemu kubwa ni kurudia kilekile kila siku kwenye mvua. Ya tatu watu wanaidharau na mimi siidharau hata kidogo, kubaki na data. Kuna miaka na miaka ya rekodi za pete na za vifaa vya kufuatilia ndege ambazo hazijachambuliwa vizuri, na masters nzuri inaweza kutoka humo, halafu unakwenda fildi kwa PhD ukiwa na swali mkononi. Kwa hali yako, masters ina muda mfupi na meli haikungoji, ningeanza na ya tatu huku nikiomba ya kwanza. Na ujue kwamba tangu mafua ya ndege ya H5N1 yalipofika kisiwa cha South Georgia kule kusini mwaka 2023 ruhusa za kushika ndege zimekuwa ngumu zaidi na usafi wa vifaa unakaguliwa mpaka kwenye soli za viatu, mpango unaotegemea kushika ndege wengi unaweza kufutwa dakika ya mwisho.

Kuna mambo ya kumwona mtu ana kwa ana, usiyamalize kwa kusoma. Kabla hujaomba nenda kwa daktari ukiwa na historia yako yote bila kuficha: pumu, kifafa, moyo, hedhi nzito au yenye maumivu makali, msongo au sonona uliyowahi kutibiwa. Kuwa na moja ya hizo sio lazima ukataliwe, lakini kisiwa kisicho na uwanja wa ndege msaada uko siku kadhaa kwa meli, na ukificha unamweka hatarini na atakayekubeba. Muulize pia kuhusu kupunguza au kuahirisha hedhi ukiwa fildi, ni mazungumzo ya kawaida kabisa na kila mwili una jibu lake, dawa iliyomfaa rafiki yako sio lazima ikufae. Daktari wa meno usimsahau, jino likianza kuuma kule utajuta. (Madaktari wanaokaa peke yao kwenye stesheni za Australia barani Antaktika hutolewa kidole tumbo kabla ya kwenda hata kama ni kizima, hawa watu hawacheki.)

Msimamizi wako mwone uso kwa uso na umuulize mambo ambayo barua pepe zinayakwepa. Nani ataongoza kundi na waliowahi kwenda naye wanasemaje, waulize wanawake hasa, wapigie simu. Hema au vyumba vimegawanywaje. Nikipata shida na kiongozi mwenyewe namwambia nani ambaye hayuko chini yake, na nampataje kutoka kisiwani. Akikasirika kwa kuulizwa hayo, tafuta kundi jingine, jibu ameshakupa. Na ikitokea mtu amekushika au amekutisha, andika siku hiyohiyo tarehe, saa, maneno, nani alikuwepo, mwambie mtu mmoja kundini unayemwamini na utoe taarifa nje ya kisiwa kwa njia hiyo uliyoulizia mapema, na ukirudi umwone mshauri au mwanasheria wa chuo hata kama unajiona uko sawa.

Mjomba naye usimwache nje. Mwombe akufundishe kuwasha na kutengeneza injini ya boti ndogo, mafundo ya kamba, na kupanda ngazi ya kamba ubavuni mwa meli ukiwa na mkoba mgongoni. Kwenye makundi haya mtu anayejua ndege na injini anachukuliwa kabla ya mwenye maksi nzuri tu. Ukiandika maombi weka hayo juu, na usiandike kwamba unawapenda pengwini tangu utotoni, barua zote zinasema hivyo. Andika swali unalotaka kujibu, ndege gani, data ipi ipo tayari, na utafanya nini meli ikikuacha pale wiki mbili zaidi au ikakushusha wiki mbili pungufu.

Ukishakuwa na rasimu nitumie nitaisoma.